Chupa Ishirini na Tatu

Barua ya baraza la wazee haikuletwa na mgeni. Aliileta Elimringi, mzee wa kanisa wa mtaa wa Nazareti hapo Kikwe, na aliyeandikiwa ni mkewe mwenyewe. Alivua kofia, akakaa, akaitoa mfukoni mwa koti na kuiweka mezani kando ya bakuli la makande.

"Imetoka barazani," alisema.

Tekla aliitazama bahasha bila kuigusa. "Na wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Ukasemaje?"

"Ajenda zilikuwa nyingi, Mama Nice."

Tekla alifuta mikono kwa kanga, akaisoma akiwa amesimama. Miaka tisa alikuwa amefundisha darasa la kipaimara kila Jumamosi bila kupewa hata nauli, na barua zote za kanisa zilimwita Mwalimu. Hii ilimwita Bi. Tekla. Ilisema amesimamishwa kufundisha, na afike mbele ya baraza Jumamosi saa nne asubuhi kujibu tuhuma za kuwafundisha watoto kwamba maji ya ubatizo ni sumu, na kwamba waliobatizwa kwa maji hayo inawapasa kubatizwa upya. Chini palikuwa na sahihi ya Mwinjilisti Hans na muhuri uliopigwa mara mbili, utadhani mmoja usingetosha.

"Kubatizwa upya," Tekla alisema. "Mimi nimesema hivyo?"

Nice, binti yao wa miaka kumi na minne, alikuwa jikoni na mlango ulikuwa wazi. Alikuja na mwiko mkononi. "Baba, na sisi? Kipaimara chetu?"

"Darasa limesimama kwanza."

"Mpaka lini? Zimebaki wiki nne. Nguo yangu iko kwa fundi tayari."

"Muulize mama yako," alisema Elimringi, akavuta bakuli lake. Makande hayakumshuka.

Watoto ishirini na watatu walikuwa wamesoma miaka miwili wakingoja Jumapili moja. Asiyepata kipaimara na wenzake hukaa mwaka mwingine benchi moja na wadogo zake, haendi meza ya Bwana, na kila anayemwona njiani humuuliza ilikuwaje. Nice alikuwa ameshaulizwa mengi njiani tangu utotoni. Alikuwa na matege makubwa, magoti yametazama moja huku na moja kule, na akitembea mwili wote uliyumba. Kwa Jumapili hiyo moja alitaka kufanana na wenzake, basi.

Kosa lenyewe, kama ni kosa, lilianza na swali.

Zamani Tekla alifundisha kama alivyofundishwa: mtoto anakariri katekisimu, akikosea anarudia, akikosea tena anasimama nje. Mwaka jana alijiunga na mafunzo ya walimu wa elimu ya Kikristo chuoni Makumira, kila Jumatano alasiri, na mkufunzi wao, mama mmoja mfupi asiyependa kuketi, akawapa kazi ambayo wengi waliiona ya kitoto. Kila mwalimu awe na daftari, aandike humo maswali ya watoto kama walivyoyasema wenyewe, bila kuyanyoosha. Kisha ayalete chuoni wayatafutie majibu, iwe kwenye Biblia, kwenye historia au hospitalini, popote jibu lilipo.

Daftari la Tekla lilijaa upesi. Derick, mtoto mwenye maneno kuliko wote, aliuliza kama mtu anaweza kumwomba Mungu kwa ujumbe wa simu, na kama Mungu akijibu utajuaje si matapeli. Mwingine aliuliza kama singeli ni dhambi au ni dhambi tu ikipigwa kwenye harusi ya Mlutheri. Halafu siku waliyofika pale tunapoungama kwamba Mungu ametuumba na kutupa viungo vyetu vyote, Nice akanyoosha mkono. Darasani alimwita mama yake Mwalimu, kama wenzake.

"Mwalimu, na hii miguu yangu? Kaiumba hivi mwenyewe, au kuna kitu kiliiharibu?"

Miaka kumi na tatu Tekla alikuwa akisikia jibu la ukoo: kwamba alimsimamisha mtoto mapema, kwamba wanawake wa kwao hawana subira. Alilibeba swali hadi Makumira, akalisoma mbele ya wenzake. Mkufunzi hakumpa mstari wa kumfariji. Alimuuliza, "Mnakunywa maji gani?"

Ndiyo maana Jumamosi iliyofuata kila mtoto alikuja na chupa ya maji ya nyumbani kwao, jina limeandikwa ubavuni. Chupa ishirini na tatu zilifungwa kwenye bodaboda zikapelekwa maabara. Majibu yaliporudi, chupa kumi na tisa zilikuwa na madini ya floraidi kupita kiasi, yale yanayochafua meno na kupinda mifupa ya mtoto, na zote kumi na tisa zilitoka kisima kimoja, kile cha kanisa. Nne zilizobaki zilikuwa za maji ya mvua, kutoka nyumba zenye matangi. Watoto wakaanza kutazamana meno. Wenye meno meupe walikuwa watano, na mmoja wao alihamia juzi kutoka Tanga.

Somo lililofuata lilikuwa ubatizo, na beseni la ubatizo hujazwa kutoka kisima hicho hicho. Derick hakuweza kuvumilia. "Kwa hiyo Mwalimu, sisi tulibatizwa kwa maji mabaya?"

Tekla alimjibu vizuri. Alisema ubatizo ni maji pamoja na neno la Mungu, na neno halichagui maji. Hata ya dimbwi la ng'ombe yangetosha. Darasa lilicheka. Lakini Derick alifika nyumbani na nusu ya somo, ile ya mbele. Kufika Jumanne wauza vitunguu wa soko la Maji ya Chai walikuwa wameshaipokea na kuiongezea chumvi, na Alhamisi mhubiri wa hema lililo kando ya barabara kuu alitangaza kwa spika kwamba sasa hata Walutheri wamekiri, waje mtoni wazamishwe upya.

Mtu mwingine akiambiwa maji ya kisima ni mabaya atauliza anywe nini. Wazee wa Nazareti waliuliza kama ubatizo wao umefutwa. Walikuwa wamegombana na hema lile miaka na miaka juu ya jambo hilo la kuzamishwa, wamenyang'anywa waimbaji wawili wa kwaya na mpiga kinanda, na sasa waliona mwalimu wao wenyewe kawafungulia watu wa hema mlango wa nyuma.

Jumamosi Tekla alifika saa nne kasoro. Aliwekwa benchi la nje pamoja na kijana na msichana waliokuja kutubu mimba, wakakaa hapo watatu mpaka saa sita bila kujua waongee nini. Alipoitwa ndani hakukuwa na kiti cha ziada, au hakuna aliyekumbuka kukitoa. Alisimama. Mbele ya kila mzee palikuwa na chupa ya maji ya dukani, ya baridi. Elimringi alikaa wa tatu kutoka mlangoni, akisoma ajenda aliyokwisha kuisoma.

"Shikamooni wazee. Bwana Yesu asifiwe."

"Amina," waliitikia. Mchungaji Kasaine, aliyehudumia mitaa minne kwa pikipiki moja, alimpa pole ya kusubiri. Hans hakumpa. Huyu alikuwa mwinjilisti wa mtaa kwa miaka ishirini na sita, amezika na kufariji watu wengi, wala hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka tu kuchekwa na spika ya hema. Alisimama kwa kuegemea meza kwa mikono yote miwili, maana mgongo wake haukuwa ukinyooka siku hizo.

"Umewaambia watoto maji ya kisima cha kanisa ni sumu. Ndiyo au hapana?"

"Nimewaambia hayafai kunywa, Mwinjilisti. Karatasi ya maabara hii hapa."

"Sikuuliza karatasi. Tangu lini kipaimara kikawa cha maabara? Sisi tulikariri, na tumefika hapa tulipo."

"Mtoto akiuliza kitu cha maisha yake, siwezi kumwambia anyamaze."

"Tangu lini mtoto akaihoji katekisimu?"

"Katekisimu yenyewe ni maswali," alisema Tekla. "Kila ukurasa inatuuliza maana yake nini. Mimi nimewaacha na wao waulize."

Mzee mmoja alikohoa. Mwingine, mwenye meno ya kahawia kama karibu wote waliokuwa pale mezani, alisema kisima kile kilichimbwa na wafadhili, kikazinduliwa kwa kwaya tatu na ng'ombe wawili, na jiwe lake lina jina la marehemu Mzee Anaeli aliyetoa ardhi. "Huyo ni baba mkwe wako. Unamchafua mtu kaburini, na mwanawe amekaa hapa tunamwona."

Wote walimgeukia Elimringi. Ilikuwa nafasi yake ya kusema neno, lolote lile. Elimringi alifungua chupa yake ya maji, akanywa.

Hilo lilimuuma Tekla kuliko barua. "Haya," alisema. "Baraza linataka nini?"

Lilitaka asimame mbele ya washarika Jumapili, aseme alikosea, na kwamba maji ya kisima ni mazuri. Akifanya hivyo angerudishiwa darasa na mambo yangekwisha kimya kimya.

"Nikisema hivyo, kesho yake watoto watayanywa wakijua nimewaruhusu. Siwezi. Kama shida ni kwamba hawajui ubatizo, wahojini wao wenyewe. Wote ishirini na watatu, mbele ya washarika. Akishindwa hata mmoja, nitatubu."

Hapo Hans aliona nafasi, akaizungushia masharti. Jumapili ya kuhojiwa ilikuwa wiki tatu mbele. Angehoji mwenyewe, neno kwa neno. Atakayekwama anarudi mwaka. Na katika wiki hizo tatu Tekla asiwafundishe hata sala ya chakula.

Mchungaji Kasaine aliuliza kama baraza limeafiki. Mikono ilipanda. Wa Elimringi ulipanda wa mwisho, lakini ulipanda.

Nyumbani hakukuwa na ugomvi, na afadhali ungekuwepo. Tekla alimpakulia mumewe chakula, akachukua sahani yake na kwenda kula nyumba ya nyuma, kwa mama mkwe wake.

Nkasiogi alikuwa Mwarusha aliyeolewa Umeruni angali binti mbichi, na wajukuu walimwita koko kama bibi anavyoitwa kwao. Mgongo wake ulikakamaa zamani. Akitaka kutazama pembeni aligeuka mwili mzima. Hakujua kusoma. Alimwomba Tekla amsimulie yote, tangu chupa hadi mikono iliyopanda, na alisikiliza bila kumkatiza.

"Kwa hiyo hukumsimamisha mtoto mapema," alisema mwishoni.

"Hapana, mama."

"Nami nilisema ulimsimamisha."

"Ulisema."

"Nilisema kwa watu wengi. Nisamehe, Mama Nice. Nitakwenda kuwaambia mmoja mmoja, wale ambao hawajafa."

Tekla alilia, na hakuona haya kulia. Nkasiogi alimwacha amalize.

"Hao wazee wamekukataza wewe kufundisha," alisema. "Mimi wamenikataza?"

"Wewe hawakukutaja."

"Basi watoto waje kwangu."

Watu walikuwa wamesahau kwamba Nkasiogi alikuwa na katekisimu yote kichwani. Aliipata kwa kusikia, kwa mwinjilisti wa zamani, kwa Kiswahili, kabla hajajua Kiswahili. Maneno yalitangulia na maana ikamfikia miaka baadaye, nyingine akiwa shambani, nyingine akiwa msibani. Sasa kila siku baada ya shule watoto ishirini na watatu walikaa juu ya magunia uani kwake, naye akawa mkali kuliko Hans.

"Koko, hapa maana yake nini?" Derick aliuliza siku ya kwanza.

"Sema kwanza. Maana mtakutana nayo mbele."

"Mwalimu anasema tuulize."

"Uliza ukishamaliza kusema. Rudia tena, na usile maneno."

Tekla alipita na ndoo zake, haruhusiwi kusimama. Alisikia sauti zile za pamoja alizozidharau mwaka mzima, na aliona aibu kidogo, kwa sababu zilikuwa zinawaingia watoto sawasawa. Walipomaliza kukariri waliuliza, na koko asipokuwa na jibu alisema hana. Ikifika jioni alimwita mkwe wake amwandikie maswali yake mwenyewe kwenye lile daftari. Alianza na moja, yakawa sita.

Maji ya kunywa Tekla aliyaomba kwa jirani yao Jackline, mwenye tangi la mvua. Elimringi aliendelea kwenda kisimani kila asubuhi kwa baiskeli, madumu mawili, kama alivyofanya tangu Nice azaliwe. Akirudi jioni aliyakuta yamejaa vile vile pembeni ya mlango. Hakuna aliyemsema. Siku ya nne aliyamwaga kwenye migomba, na siku ya tano hakwenda.

Wiki ya tatu aliombwa ampeleke Nice kwa fundi Silantoi, Usa River, kujaribu nguo. Nkasiogi ndiye aliyekuwa ametoa vipimo: gauni jeupe lifike chini kabisa, liguse viatu. Nice alilivaa, akajitazama kwenye kioo cha fundi kilichopasuka kona.

"Fundi, naomba ulikate hapa," alisema, akagusa chini kidogo ya goti.

Silantoi alikuwa na pini mdomoni. Alizitoa. "Mwanangu, refu linakupendeza zaidi. Linaficha."

"Linaficha nini?"

Fundi alimtazama Elimringi, kama watu wanavyomtazama mzazi wakiwa hawataki kumjibu mtoto. Wateja wawili waliokuwa wakingoja walijifanya wanachagua vifungo. Elimringi alihisi uso ukimwaka moto, na kwa mara ya kwanza katika wiki zote hizo alijua aibu ile si ya mtoto.

"Fanya anavyotaka," alisema.

Walirudi kwa miguu kutoka kituoni, polepole, kwa mwendo wa Nice. Elimringi alisukuma jiwe kwa kiatu, akalisukuma tena.

"Mimi ndiye niliyekuwa nachota," alisema. "Mvua, homa, siku ya sikukuu, nilikwenda. Nilikuwa nasema mwanangu asikose maji. Nikikubali kwamba mama yako amesema kweli, inabidi nilikubali na hilo."

"Hukujua, baba."

"Sikujua. Lakini barazani nilikuwa najua, na nikainua mkono."

Nice alimshika mkono, wakaendelea.

Jumapili ya kuhojiwa kanisa lilijaa mpaka dirishani. Wengine walikuja kwa ajili ya watoto, wengine walikuja kumwona Tekla akitubu, na watu wawili wa hema walikuja wakakaa nyuma na vitabu vyao vya kuandikia. Tekla alikaa benchi la mwisho kabisa, la wachelewaji, karibu na mlango. Aliijua katekisimu yote, na hakuweza kukumbuka hata mstari mmoja.

Hans hakuwaonea. Aliuliza aliyosema atauliza, neno kwa neno, na watoto walijibu neno kwa neno. Derick alikwama katikati ya sala, akafumba macho, na kila mtu aliona midomo ya Nkasiogi benchi la mbele ikianza kusogea kisha ikajizuia. Derick akaikumbuka sentensi yake bila msaada. Ishirini na wawili walikwisha, akabaki Nice.

Alitembea katikati ya kanisa na gauni lake la chini ya goti. Watu walinyamaza, maana ni jambo moja kujua mtoto ana matege na ni jambo jingine kuyatazama yakija hatua kwa hatua mpaka madhabahuni. Hans alimuuliza ubatizo. Nice alisema yote, maana yake, faida zake, maji yanavyoweza kufanya mambo makubwa namna hiyo, hakuruka neno. Hapo Hans alipaswa kusema asante, naye Nice akae.

"Na maji ya kisima cha kanisa," aliuliza badala yake. "Ni mazuri au mabaya?"

"Hilo halimo," alisema Nkasiogi kutoka benchini, kwa sauti ya kutosha. Watu walicheka kwa wasiwasi.

"Ajibu tu," alisema Hans.

"Kwa kubatizia ni mazuri," alisema Nice. "Mimi nilibatizwa kwa maji hayo na ubatizo wangu ni mzima. Sitaki mwingine, hata spika ya hema ikipiga kelele mpaka asubuhi." Kicheko cha safari hii kilikuwa cha kweli, na watu wawili wa nyuma waliinamia vitabu vyao. "Kwa kunywa ni mabaya."

"Nani kakufundisha hayo?"

"La kwanza limo kwenye katekisimu, na koko kanikaririsha. La pili nimefundishwa na miguu yangu."

Hans aliitazama ile miguu. Ni yeye aliyeshika beseni siku Nice alipobatizwa, na siku ile ilikuwa miguu iliyonyooka ya mtoto mchanga, alikumbuka alivyorusha mateke. Alimgeukia mchungaji.

"Hakuna aliyekosa," alisema, akakaa chini kwa shida.

Mchungaji Kasaine alisimama. Aliuliza, kwa utaratibu, kama kuna mzee wa kanisa mwenye neno kabla hajayasoma majina ya watakaobarikiwa Jumapili ijayo. Aliuliza kama mtu asiyetegemea jibu. Elimringi alisimama kutoka safu ya wazee, akashika kofia yake kwa mikono miwili.

"Bwana Yesu asifiwe."

"Amina."

"Mliambiwa leo mtu wa nyumba yangu atatubu mbele yenu. Ni kweli. Mtu huyo ni mimi. Mke wangu alileta kweli barazani, nami nilikuwa nimekaa hapo nakunywa maji ya dukani. Niliinua mkono dhidi yake. Na yale maji mengine niliyachota mimi, miaka kumi na minne, nikampa mtoto wangu. Kwa hilo la maji sikujua. Kwa lile la mkono nilijua. Naomba mnisamehe, na yeye anisamehe."

Mzee mwanamume kutubu kwa ajili ya mkewe, akiwa hajashikwa na pombe wala mwanamke, halikuwa jambo lililowahi kuonekana hapo Nazareti, na hakuna aliyejua afanye nini na mikono yake. Mchungaji ndiye aliyejua. Alimwita Tekla aje mbele. Tekla alitembea kutoka benchi la wachelewaji mpaka kwa mumewe, akasimama kando yake, na ingawa hakusema amemsamehe, hakutoka pale mpaka jina la mwisho liliposomwa.

Nice alipata kipaimara na wenzake, na wakati wa kupiga magoti aliumia na hakuonyesha. Kila darasa huacha zawadi kanisani, na kanisa lilikuwa na saa tatu za ukutani tayari, zote zikienda tofauti. Darasa hili liliacha mifereji kwenye paa la kanisa na tangi la kukinga mvua.

Jumamosi iliyofuata Elimringi alikwenda kisimani na kopo la rangi nyekundu. Nkasiogi alimfuata na kigoda chake akakaa mbele ya jiwe lenye jina la marehemu mumewe.

"Baba angekasirika?" Elimringi aliuliza.

"Angekuuliza mbona umechelewa. Andika."

Aliandika chini ya jina la Mzee Anaeli, kwa herufi kubwa zilizopanda kidogo upande wa kulia: MAJI HAYA NI YA KUBATIZIA, KUFULIA NA KUMWAGILIA. SI YA KUNYWA WALA KUPIKIA.

Rangi haijakauka, Hans alitokea na beseni la ubatizo. Kesho yake mtoto wa Jackline angebatizwa. Alisoma maandishi yote, polepole.

"Umeanza na kubatizia," alisema.

"Ndilo lililokuwa linakuuma, Mwinjilisti."

Hans alicheka kidogo, akajaza beseni. Alipoinama kuliinua, mgongo ulimkatalia, akalazimika kushika lile jiwe kwa mkono mmoja mpaka rangi ikamshika vidoleni. Tekla alikuwa akitoka kanisani, darasa jipya limemaliza, daftari liko kwapani. Hans alimngoja afike. Alipangusa vidole kwenye suruali, akafanya kama mtu anayeuliza habari za mvua.

"Mwalimu," alisema, "na huu mgongo wangu nao ni maji, au ni uzee tu?"

Tekla alikaa pembeni ya kigoda cha mama mkwe wake, akafungua ukurasa mpya, akaliandika swali kama alivyolisema.